Rejeta inavuja: uzibe, ulehemu, ununue mtumba au mpya? Ulinganisho kwa wenye magari ya zamani Malindi

Kila asubuhi unaongeza maji, na kila jioni chupa ya akiba iko tupu. Fundi wa kwanza anakwambia utie dawa. Wa pili anataka kuivua rejeta aipeleke ikalehemiwe. Wa tatu ana rejeta iliyotoka Japani, imetundikwa ukutani dukani kwake, na shemeji yako anasisitiza ununue mpya uachane na shida. Wote wanne wanaweza kuwa sahihi, lakini kwa magari manne tofauti.

Haya nayaandika kwa aliyekwama kati ya ushauri huo, mwenye gari la miaka kumi na tano, ishirini au zaidi, analoliendesha Malindi au kandokando yake. Nataja mahali kwa sababu mahali panabadilisha jibu. Hewa yetu ina chumvi, visima vyetu vingi vina chumvi, na ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Garsen, duka la spea haliko tena mtaa wa pili.

Msimamo wangu niuweke mapema: bei haiwi kigezo cha kwanza. Kwanza angalia tundu liko wapi, kisha uangalie njia unazopita. Mtu akichagua kwa bei peke yake hulipa mara mbili, na mara ya pili hulipia injini.

## Kwanza, maji yanatokea wapi?

Malindi ina jambo linalowapotosha wengi, nalo ni unyevu wa hewa. Ukiwasha AC, maji hudondoka chini ya gari upande wa mbele, usawa wa miguu ya abiria, na siku ya joto kali huweza kufanya kidimbwi. Hayo si ugonjwa. Ni maji safi, hayana rangi wala harufu, na hayatelezi ukiyasugua kati ya vidole. Kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, ina rangi, iwe kijani, nyekundu au waridi, inateleza kidogo, na harufu yake ina utamu. Ikikauka juu ya chuma au mpira huacha ukoga mweupe au wenye rangi yake. Ukoga huo ndio wa kuutafuta.

Njia za kutafuta ni tatu, na hazifanyi kazi moja.

Macho na kadibodi. Egesha gari mahali tambarare, acha kadibodi kavu imetandikwa chini ya injini usiku kucha, na asubuhi doa litakuonyesha upande. Kisha chukua tochi upitie maungio ya mipira ya maji, mshono kati ya plastiki na alumini ya rejeta, chini ya pampu ya maji, na zulia la abiria wa mbele. Zulia lililolowa pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele huashiria rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi. Njia hii haina gharama. Kasoro yake ni kwamba uvujaji mwingine hutokea injini ikiwa moto na mfumo una presha tu, na tone hukauka juu ya chuma cha moto kabla halijafika chini.

Kipimo cha presha. Ni pampu ndogo ya mkono yenye saa, hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa baridi, fundi anapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, wala hazidishi. Baada ya dakika kumi au kumi na tano, mshale ukiwa umeshuka kuna mahali panapovuja, na sasa panaonekana kwa sababu presha ipo na moto haupo. Mshale ukishuka na hakuna hata tone nje, basi maji yanaingia ndani ya injini au kwenye hita. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kulipia kuliko vyote. Si kila gereji inacho, kwa hiyo uliza kabla ya kuacha ufunguo.

Kipimo cha gesi. Chombo chenye maji ya buluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta huku injini ikinguruma. Yakigeuka manjano, moshi wa silinda unapenya hadi kwenye maji: gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi, sehemu yake ya juu) imeungua au hedi ina ufa. Huna haja nacho kama tone linaonekana wazi kwenye mpira. Kitafute ukiona mpira wa juu unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili iliyogeuka nyeupe na nzito.

Kipimo chochote kati ya hivyo kikionyesha kwamba kosa haliko kwenye rejeta, sehemu kubwa ya ulinganisho unaofuata haikuhusu, na hiyo ni habari njema kwa mfuko wako, isipokuwa ikiwa ni gasketi. Kifuniko kilichochoka ni miongoni mwa spea za bei ndogo, lakini hufanya gari litapike maji kama lenye ugonjwa mkubwa. Springi yake ikilegea, presha haifiki inapotakiwa na maji huchemka mapema. Mpira wa maji ukinyonywa na kubonyea baada ya gari kupoa, valvu ya kurudishia iliyo ndani ya kifuniko imekwama. Mpira wenye nyufa mwisho wake, pale penye klipu, hubadilishwa na haugandishwi kwa gundi. Pampu ya maji ina tundu dogo chini yake, lililowekwa makusudi na mtengenezaji ili sili ikichoka maji yatoke hapo. Ukikuta fundi analiziba tundu hilo, mzuie: maji yatapita kwenye beringi na pampu itakufa ukiwa njiani. Kwenye injini ambazo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, kama 3S ya Toyota, badilisha pampu na mkanda kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

## Vigezo vya kulinganisha

Tuseme sasa imethibitika: ni rejeta. Kila chaguo nitalipima kwa mambo manne: tundu linaloikubali tiba hiyo, pesa na muda, hatari kwa injini, na nani linamfaa.

Kabla ya hapo fungua boneti utambue rejeta yako ni ya jamii gani. Za zamani kabisa, kama za Peugeot 504, Land Rover za miaka hiyo na malori mengi, ni shaba tupu: mirija ya shaba, matangi ya shaba, yote yameungwa kwa risasi. Magari mengi ya Japani ya miaka ya tisini na kuendelea, Corolla, Probox, Sunny na ndugu zake, yana kiini cha alumini na matangi mawili ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Plastiki hiyo ni nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Inapotoka kiwandani ni nyeusi na ngumu. Ikipikwa miaka kumi na tano inakuwa ya kahawia, halafu siku moja inavunjika kama ukoko mkavu, aghalabu pale shingo ya mpira wa juu inapoanzia.

Kisha tazama mapezi, zile karatasi nyembamba kati ya mirija. Yaguse kwa brashi laini. Yakimomonyoka na kuwa unga mweupe, chumvi ya bahari imeshakula. Hapo hata tundu likizibwa vizuri sana gari litaendelea kuchemsha, maana mapezi ndiyo yanayotoa joto. Walioegesha miaka mingi karibu na ufuo, upande wa Casuarina au Watamu, waanzie ukaguzi wao hapa.

## Chaguo la kwanza: dawa ya kuziba

Dawa hizi ziko za unga na za maji. Baadhi zina nyuzinyuzi au chembe za chuma zinazosafiri na maji hadi zinaponasa kwenye tundu. Nyingine zina silikati ya sodiamu, ambayo hugeuka ngumu inapokutana na joto na hewa kwenye ufa.

Tundu linaloikubali: tundu la ncha ya sindano kwenye mrija, lile linalotoa jasho kuliko tone. Ufa wa tangi la plastiki haukubali, kwa kuwa unafunguka na kufunga kila gari linapopata joto na kupoa. Mpira uliopasuka haukubali, na pampu pia haikubali.

Pesa na muda: hakuna rahisi kuliko hii. Unatia, unaendesha kidogo, saa moja imekwisha.

Hatari: dawa haina macho. Inaziba tundu, na inaziba pia njia nyembamba ilizozikuta, hasa mirija ya hita na mirija ya rejeta iliyokuwa na ukoga tayari. Ukiimwaga kwenye mfumo mchafu, wiki kadhaa baadaye gari halivuji tena lakini linachemsha, na sasa hujui ulaumu nini. Wapo wanaotia yai bichi au pilipili manga iliyosagwa. Kanuni ni ileile, ila hivyo huoza ndani. Ukilazimika, fika nyumbani kisha usafishe mfumo wote.

Inamfaa nani: aliyeko barabarani na tundu dogo, mbali na fundi. Mwenye rejeta ya shaba iliyo safi, anayesubiri mwisho wa mwezi, anaweza pia kuitumia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Anayetaka kuficha uvujaji ili auze gari sitamshauri kamwe, na nawapa wanunuzi ulinzi: injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uingize kidole kwenye shingo ya rejeta. Ukitoka na chembe zinazong'aa au tope, uliza maswali zaidi kabla ya kutoa pesa.

## Chaguo la pili: kuirekebisha rejeta ileile

Hapa watu hutamka neno moja, kuchomelea, wakimaanisha kazi tatu zisizofanana.

Kwa rejeta ya shaba, kazi ni lehemu. Risasi iliyochanganywa na bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 180 hadi 220 hivi, joto ambalo haliidhuru shaba. Ndiyo maana rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa tangi la juu, mirija ikapitishwa ubapa mwembamba wa chuma kutoa ukoga, kisha tangi likarudishwa na kuungwa upya, na baada ya miaka ikarudiwa. Mwenye Land Rover au Peugeot ya zamani yenye kiini kizima asiiuze rejeta yake kwa wanunuzi wa vyuma kwa sababu ya tundu moja. Fundi mzuri wa lehemu anarudisha kitu kigumu kuliko vingi vinavyouzwa vipya leo.

Kwa alumini, lehemu ya kawaida haishiki, maana alumini hujivika ngozi ya oksidi mara inapokutana na hewa. Inahitaji kuchomelewa kwa gesi ya agoni na mkono uliozoea, na mirija ya rejeta ni myembamba mno, hutoboka kwa urahisi. Wengi hutumia gundi ya vichupa viwili inayovumilia joto. Gundi hiyo inashika iwapo mahali pamesuguliwa, pamekauka na hapana mafuta, na tundu liko kwenye alumini. Juu ya plastiki iliyopikwa hutoka na ngozi ya plastiki yenyewe.

Kazi ya tatu ni kubadilisha tangi la plastiki peke yake. Meno ya alumini hufunguliwa moja moja, mpira mpya na tangi jingine huwekwa, kisha meno hubanwa tena. Inawezekana, lakini meno hayapendi kukunjwa mara nyingi, na kupata tangi la saizi yako ni bahati.

Tundu linaloikubali: karibu lolote kwenye shaba. Kwenye alumini, tundu dogo la jiwe au la msuguano wa feni. Mshono unaovuja huku plastiki ikiwa bado nyeusi na nzima unatosha kubadilishiwa mpira wake.

Pesa na muda: kwa shaba, gharama ya wastani na siku moja au mbili gari likiwa limesimama. Kwa alumini gharama inaweza kuwa ndogo mwanzoni, lakini hesabu kulanti utakayomwaga ikirudiwa.

Hatari: fundi akikuta mrija umeoza, anaweza kuuziba pande zote mbili. Mmoja au miwili si neno. Ikiwa mingi, rejeta haivuji lakini imepungua nguvu, na utalijua hilo kwenye msongamano wa Mtwapa saa saba mchana. Muulize ameziba mingapi. Kisha omba ushuhudie jaribio: rejeta inazamishwa kwenye pipa la maji, inapulizwa upepo, na mapovu yatasema yenyewe. Kazi isiyojaribiwa hivyo usiifungie kwenye gari.

Inamfaa nani: mwenye shaba, bila shaka yoyote. Mwenye gari la nadra ambalo rejeta yake haipatikani dukani. Mwenye alumini anayeendesha ndani ya mji tu, tundu likiwa dogo na mapezi yakiwa mazima.

## Chaguo la tatu: rejeta ya mtumba kutoka Japani

Wauzaji wa spea zilizotumika hukuonyesha jambo la kweli: ni rejeta ya kiwanda chenyewe, mapezi yake yamebanana vizuri, na inakaa kwenye bolti zake bila kulazimishwa. Nchi ile hutumia kulanti ya kiwango, kwa hiyo ndani mara nyingi ni safi kuliko rejeta zilizozeeka hapa kwa maji ya kisima.

Linalosahaulika ni umri. Gari lako la mwaka 2003 lina rejeta ya muundo wa miaka hiyo, na lile gari lililong'olewa sehemu zake Yokohama au Osaka huenda ni la rika lilelile. Plastiki yake imepikwa miaka mingi kama yako.

Tundu linaloikubali: unabadilisha kitu kizima, kwa hiyo aina ya tundu haina maana tena. Kilicho na maana ni hali ya ile unayoinunua. Tafuta plastiki nyeusi, si ya kahawia. Minya kidogo shingo ya mpira uone kama kuna nywele za ufa. Chungulia ndani kwa tochi: mirija iwe wazi, isiwe na kutu wala tope. Kagua meno yote ya mshono, yasiwe yamekunjwa na mtu. Omba ijazwe upepo ndani ya maji hapohapo.

Pesa na muda: kwa kawaida iko kati ya kurekebisha na mpya iliyo bora, japo wakati mwingine hukaribiana sana na mpya ya bei nafuu. Kuifunga ni kazi ya nusu siku.

Hatari: gia. Gari la otomatiki kwa kawaida lina kipozeo cha oili ya gia ndani ya tangi la rejeta, na utaona mirija miwili midogo ikiingia. Rejeta ya gari la gia za mkono haina kipozeo hicho, hata ikitoshea kila kitu kingine. Kibaya zaidi, kipozeo cha zamani kikitoboka ndani, oili ya gia na kulanti huchanganyika kuwa uji wa waridi, na maji yakiingia kwenye gia za otomatiki huziua. Hakikisha kipozeo nacho kimejaribiwa kwa upepo peke yake.

Inamfaa nani: mwenye jicho la kukagua, au mwenye fundi anayemwamini kumkagulia. Mwenye modeli ambayo mpya zake zilizopo sokoni ni nyepesi na hazikai sawa. Haimfai anayeagiza kwa simu bila kuona.

## Chaguo la nne: rejeta mpya

Mpya nyingi zinazouzwa si za kiwanda cha gari. Ni za watengenezaji wengine, na ubora wao unatofautiana mno.

Tundu linaloikubali: lolote, na hasa plastiki iliyopasuka na mapezi yaliyomomonyoka, ambapo chaguo mbili za kwanza hazina msaada.

Pesa na muda: ghali kuliko zote mkononi. Ikikosekana Malindi huletwa kutoka Mombasa, kilomita 120 hivi, na mzigo wa namna hii hutumwa kwa basi au matatu. Ulizia bei kwenye maduka yasiyopungua matatu, na kila duka litajie aina ya gari, injini, na kama ni otomatiki.

Hatari: wembamba. Weka ya zamani na mpya bega kwa bega. Pima unene wa kiini kwa rula, tazama msongamano wa mapezi, zipime uzito mikononi. Ikiwa mpya ni nyembamba na nyepesi waziwazi, itatosha asubuhi lakini si mchana wa Februari AC ikiwa imewashwa. Kagua pia mashikio ya feni. Ikilazimishwa kwa waya, mtikisiko utaipasua mapema.

Inamfaa nani: anayelitegemea gari kwa riziki, anayebeba familia safari ndefu, na kila mwenye otomatiki ambaye kipozeo chake kimeanza kutiliwa shaka. Gari ambalo thamani yake imeshashuka sana linataka hesabu, lakini hesabu hiyo iwekwe kando ya bei ya kuondoa hedi na kuisawazisha, si kando ya bei ya dawa ya kuziba.

## Maji utakayotia yana uzito sawa na rejeta utakayochagua

Hapa ndipo naona fedha nyingi za watu wa pwani zinapopotea. Mtu ananunua rejeta mpya, kisha anaijaza maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe: maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi. Chokaa hujishika kwenye mirija palipo na joto. Chumvi hula alumini. Maji ya mfereji ni afadhali, lakini nayo yana madini.

Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Soma chupa: yawe maji, yasiwe asidi ya betri, maana mara nyingi hupangwa rafu moja. Changanya na kulanti kwa kiasi kilichoandikwa, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Kuna wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu. Huku kwetu haigandi kitu, ni kweli, lakini ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 hapa usawa wa bahari, ilhali mchanganyiko wa nusu kwa nusu chini ya kifuniko kizima hupita 120. Usichanganye aina mbili za kulanti kwa kufuata rangi tu, baadhi hugandamana.

Ile ya zamani ikimwagwa, ikusanye. Ina utamu unaovutia paka, mbuzi na watoto, na ni sumu inayoua figo. Usiiache kwenye karai uani hata kwa saa moja.

Baada ya kujaza, toa hewa. Injini ikiwa baridi, kifuniko wazi, hita kwenye moto wa mwisho, washa na uongeze taratibu hadi thamostati (valvu inayofunguliwa na joto la maji) ifunguke na mpira wa pili upate joto. Kazi nyingi nzuri za rejeta hulaumiwa bure, kumbe kuna hewa iliyobaki ndani.

## Kwa hali yako

Unaendesha Malindi mjini, pengine hadi Gede na kurudi, na tundu ni jasho tu kwenye mrija: rekebisha rejeta uliyonayo kama kiini ni kizima. Huna haja ya kuharakia mpya, lakini badilisha kifuniko na klipu wakati huohuo.

Plastiki ina rangi ya kahawia na ina ufa: acha gundi na dawa. Chagua kati ya mtumba na mpya kwa kigezo kimoja, je, kuna mtu wa kukagua mtumba kwa macho na kwa upepo? Yupo, mtumba unatosha. Hayupo, nunua mpya.

Una shaba: lehemu kwanza, kila mara, isipokuwa mapezi yamekwisha.

Wewe ni wa teksi au matatu ya Mombasa: siku moja ya kusimama inakugharimu kuliko tofauti ya bei. Mpya nene, pamoja na feni iliyojaribiwa, kwa sababu msongamano ndio unaokupima kuliko mwendo.

Unakwenda Mokowe, zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, au unakata kuelekea lango la Sala la Tsavo Mashariki: usiondoke na rejeta iliyozibwa kwa dawa wala gundi. Ukishindwa kuibadilisha, ahirisha au panda basi. Ukiondoka na iliyo nzima, bado chukua galoni la maji safi, mpira wa juu wa akiba, klipu na bisibisi, na ile chupa ya dawa, maana huko ndiko mahali pake.

Kipimo cha gesi kimegeuka manjano: funga pochi ya rejeta. Tengeneza hedi kwanza, kisha urudi hapa, kwani rejeta mpya juu ya gasketi iliyoungua inaweza kupasuliwa na presha hiyohiyo.

Na ukiwa bado hujaamua huku gari likitembea, utazame mshale wa joto kila baada ya muda. Ukipanda, zima AC, fungua hita, simama pembeni, zima injini, na usiguse kifuniko kwa nusu saa au zaidi. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi ya alumini itapinda. Ukiona mshale ulikuwa juu kisha umeshuka ghafla hadi baridi ilhali gari bado linakwenda, usifurahi: maji yamekwisha, na kile kipima joto kimebaki hewani. Simama hapohapo.